Mama Mwenye Watoto Wadogo: Namna ya Kukua Kiroho Katikati ya Kazi za Nyumbani

Kina mama walioanza kulea wananiuliza maswali yale yale. "Nisali saa ngapi, na mtoto anaamka kila baada ya saa mbili?" "Nikifungua Biblia nianzie wapi?" "Nikimaliza kazi sina hata nguvu ya kusema Amina, je, Mungu ananielewa?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka sasa, kwa hiyo nimeona niyaandike yote mahali pamoja, kwa mpangilio unaoweza kuuanza wiki hii.

Jambo moja ulishike kabla hatujaanza: kazi za nyumbani haziishi. Vyombo ulivyoosha mchana vitakuwa vichafu jioni. Ukisubiri kazi ziishe ndipo ukae na Mungu, watoto watakua na kuhama nyumbani hujakaa naye. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaingiza ibada ndani ya kazi zenyewe.

Vitu vya kuandaa

- Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu inasomeka vizuri, lakini simu ile ile inaleta ujumbe, na ukiishika kusoma aya moja unajikuta dakika ishirini baadaye unajibu watu.
- Daftari dogo na kalamu. Ifunge kalamu kwenye daftari kwa uzi, maana watoto huipenda kuliko wewe.
- Kadi tano au sita za karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja.
- Kikapu au kisanduku kimoja cha kuwekea vitu hivyo vyote. Ukianza kutafuta Biblia chumbani, daftari sebuleni na miwani jikoni, muda wako umekwisha.
- Mama mwenzako mmoja unayemwamini, wa kuombeana naye.

Hivyo vinatosha. Usinunue vitabu vya mafundisho kwanza.

Hatua ya 1: Andika siku yako ilivyo

Kwa siku tatu, andika unafanya nini kuanzia unapoamka. Andika ukweli, hata kama ni "saa nne, nimekaa tu kwa sababu nimechoka." Ukishamaliza, weka alama mbili. Alama ya kwanza: nyakati ambazo mikono ina kazi lakini akili iko huru, kama kuosha vyombo, kukunja nguo, kunyonyesha, kufagia. Alama ya pili: nyakati ambazo mikono na akili vyote viko huru.

Nilipofanya hivi mtoto wangu wa pili akiwa na miezi minne, alama za aina ya pili zilikuwa mbili tu kwa siku nzima, na moja ilikuwa dakika nane. Nililia kidogo. Kisha nikahesabu zile za aina ya kwanza, nikakuta zinapita saa tatu. Zile saa tatu ndizo zilizonilea kiroho kwa miaka mitano.

Hatua ya 2: Chagua dakika kumi na uzifunge kwenye jambo ulilonalo tayari

Usichague saa ya ukutani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri haina maana kwa mtu aliyeamshwa saa tisa na saa kumi. Chagua tukio: "mtoto akishanyonya asubuhi na kulala tena," au "wakubwa wakishatoka kwenda shule." Tukio likifika, kaa, vuta kikapu chako, anza. Hata kama sakafu haijafagiwa. Hasa kama sakafu haijafagiwa, kwa sababu ukisema "nifagie kwanza" utaona na vumbi la dirishani.

*Kosa la kuepuka:* kuanza na saa nzima ya alfajiri kwa sababu uliguswa na ushuhuda wa mtu fulani. Mimi nilianza hivyo. Siku ya sita niliamka kichwa kimelala juu ya Biblia, mtoto analia, nikawa mkali kwa kila mtu mpaka jioni, na ndani yangu nikajiona mwenye dhambi. Ni kweli Marko 1:35 inasema Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipokuwa na watu kuomba. Lakini ni Marko huyo huyo, sura ya 4, anayetuonyesha Yesu amelala juu ya mto chomboni wakati dhoruba inavuma. Alisali, na alilala alipochoka. Wewe pia una mwili.

Hatua ya 3: Soma Marko, kidogo kidogo

Wengi huanza Mwanzo, wanakwenda vizuri, wanafika Mambo ya Walawi na kukwama hapo, kisha wanaona Biblia ni ngumu. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, inakwenda haraka, na Yesu yumo akitenda kazi kila ukurasa. Soma nusu sura kwa siku. Ukipitwa na siku, endelea ulipoishia bila kufidia.

Namna ya kusoma:

1. Soma kwa sauti ya chini. Sauti inakuzuia kupeperuka.
2. Chagua sentensi moja iliyokugusa au iliyokutatiza.
3. Andika kwenye daftari mistari mitatu: sentensi yenyewe, inanihusu nini leo, na ombi langu.

Mistari mitatu, basi. Ukiandika kurasa mbili siku ya kwanza, siku ya nne utaliogopa daftari.

Kwa usiku wa kunyonyesha, tumia Zaburi. Zaburi ya 121 ina aya 8, na ndani yake Mungu ni yule asiyesinzia wala kulala. Ukiisoma saa nane usiku nyumba nzima imelala isipokuwa wewe na mtoto, utaielewa kuliko ulivyowahi kuielewa kanisani. Na kama umechoka kupita kiasi, Zaburi ya 117 ina aya mbili tu.

Hatua ya 4: Peleka neno jikoni

Hapa ndipo palipo na chakula kingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ile sentensi uliyoichagua iandike kwenye kadi kwa herufi kubwa. Itie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uibane mahali macho yako yanapotua ukiosha vyombo. Yangu niliibana kwa kibanio cha nguo kwenye uzi niliofunga dirishani. Plastiki ilijaa madoa ya povu, na kona moja iliungua siku nilipoisogeza karibu na moto, lakini hadi leo naikumbuka: "Nao wanyonyeshao atawaongoza polepole," Isaya 40:11. Neno lile *polepole* nililiosha pamoja na sahani kwa wiki tatu. Nilikuwa nimedhani Mungu ananisukuma niwahi. Kumbe mchungaji anapima mwendo wake kwa kondoo mwenye kitoto.

Kadi moja ikae wiki nzima, usiibadilishe kila siku. Isome ukianza kuosha, irudie bila kuangalia ukiwa katikati, iseme kwa maneno yako ukimaliza. Kufikia mwisho wa mwezi una aya nne moyoni, na hujatumia hata dakika moja ya ziada.

Hili halikuanza nasi. Ndugu Lawrence, mtawa wa Wakarmeli (shirika la watawa wa Kikatoliki) huko Paris katika karne ya 17, alifanya kazi jikoni miaka mingi, na kilichomfanya akumbukwe ni kuzoea kuzungumza na Mungu kati ya sufuria kama wengine walivyozungumza naye wakiwa wamepiga magoti.

Hatua ya 5: Fungia sala kwenye kazi

Chagua kazi mbili tu kwa kuanzia:

- Ukikunja nguo, kila nguo imwombee mwenye nguo. Shati la mume: kazi yake, hasira zake, hofu asizozisema. Sare ya mtoto: mwalimu wake, marafiki anaokaa nao.
- Ukitandika kitanda, shukuru kwa aliyelala hapo.
- Ukibadilisha nepi au kumwogesha mtoto, mbariki kwa sauti, kwa jina lake. Mtoto atazoea kusikia jina lake ndani ya sala.
- Ukifagia mlangoni, waombee watakaoingia siku hiyo.

Siku moja binti yangu wa miaka mitatu alisimama karibu na lundo la nguo akauliza, "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia. Akachukua soksi yake moja, akaikunja vibaya, akasema, "Mungu, huyu ni mimi." Sikuwa nimemfundisha kusali siku hiyo. Nilikuwa nakunja nguo.

*Kosa la kuepuka:* kufanya sala hizi zichukue nafasi ya zile dakika kumi. Mume na mke wanaweza kuongea kutwa wakipishana mlangoni, lakini kuna siku lazima wakae chini watazamane. Vyote viwili vinahitajika.

Hatua ya 6: Ibada fupi na watoto

Dakika tano kwa walio chini ya miaka sita, kumi kwa wakubwa. Mpangilio: wimbo mmoja, kisa kimoja kifupi, swali moja, sala ya sentensi moja kwa kila mtu. Fanya wakati ule ule kila siku, kwa mfano baada ya chakula cha jioni kabla watu hawajainuka. Wakishainuka umewakosa.

Swali liwe la kufikiri: "Unadhani yule kipofu aliogopa?" Maswali ya "nani alifanya nini" yanageuza ibada kuwa mtihani, na mtoto aliyekosea jibu ataichukia.

Nje ya muda huo, Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati nne za kuzungumza na watoto: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, na uondokapo. Ukiziangalia vizuri, zote ni nyakati za kawaida, na hakuna hata moja inayohitaji meza na viti.

Kama una watoto wengi, jifunze kwa Susanna Wesley wa Uingereza (1669–1742), mama yake John na Charles Wesley walioanzisha harakati za Kimethodisti. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walifariki wangali wadogo. Waliobaki aliwagawia jioni za wiki, kila mtoto na siku yake ya kuongea na mama peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John. Huna haja ya jioni nzima. Robo saa kwa wiki, mtoto mmoja, mlango umefungwa, simu iko chumba kingine. Mwulize moyo wake ukoje, halafu nyamaza.

*Makosa ya kuepuka:* kwanza, kumtishia mtoto kwa jina la Mungu. "Mungu hapendi watoto wa namna hii" ni uongo, na utakaa naye akiwa mtu mzima. Pili, kutokuomba msamaha. Ukimfokea bila haki, piga goti mpaka macho yenu yalingane, sema, "Mama amekosea, nisamehe." Katika nyumba yangu sentensi hiyo imefundisha injili kuliko visa vyangu vyote vya jioni.

Hatua ya 7: Punguza mzigo wa nyumba kwa kiasi

Nyumba iliyovurugika hukula nguvu za kusali, na nyumba inayong'aa kila saa nayo hukula. Kila jioni andika kazi tatu tu ambazo kesho lazima zifanyike. Tatu. Nyingine zikifanyika, shukuru. Zisipofanyika, zitakusubiri.

Jumamosi, andaa Jumapili: nguo zote zimetoka na kupigwa pasi, viatu viko kwa jozi, Biblia na vitu vya mtoto mchanga viko kwenye mfuko, chakula cha kesho kimeandaliwa kwa kadiri inavyowezekana. Ugomvi mwingi wa Jumapili asubuhi unatokana na kiatu kimoja kilichopotea.

Kisha kuhusu yule mwanamke wa Mithali 31. Wengi mmepigwa naye. Wimbo wake, aya ya 10 hadi ya 31, una aya 22, na kwa Kiebrania kila aya inaanza na herufi inayofuata ya alfabeti, ya kwanza hadi ya mwisho. Ni wimbo wa sifa kwa maisha mazima, uliopangwa kwa herufi. Haukuandikwa kuwa ratiba ya Jumatatu. Tena soma aya ya 15: alikuwa na wajakazi aliowagawia sehemu zao. Alikuwa na wasaidizi! Kwa hiyo nawe gawa kazi. Mtoto wa miaka minne anaweza kupanga viatu, wa miaka saba anaweza kukausha vyombo, na mume anaweza kumwogesha mtoto. Vitakunjwa vibaya, vitapangwa ovyo. Acha hivyo hivyo, usirudie nyuma yao.

Hatua ya 8: Mshirikishe mume

Mwambie mpango wako kwa ufupi na umwombe kitu kimoja mahususi: "Naomba ukae na watoto dakika kumi nikisali." Ombi lililo wazi hupata jibu kuliko manung'uniko ya "hunisaidii." Kisha mwombe msali pamoja sentensi moja moja kabla ya kulala. Asipotaka, usimlazimishe, na usiigeuze sala yako kuwa mahubiri yenye anwani yake.

*Onyo muhimu:* utii wa mke hausomwi peke yake. Waefeso 5:22 imetanguliwa na aya ya 21, inayowaambia wote wanyenyekeane, na aya ya 25 inamtaka mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Kama unapigwa, unatishwa, au watoto wanaumizwa, huo si msalaba uliopewa uubebe kimya. Nenda mahali salama na watoto, mwambie mtu unayemwamini, tafuta msaada wa kisheria. Ukiambiwa "rudi ukavumilie," tafuta mshauri mwingine.

Hatua ya 9: Usikue peke yako

Tito 2:3-5 inawapa wanawake wazee kazi ya kuwafundisha vijana kupenda waume na watoto wao. Mtafute mama mmoja aliyekutangulia, ambaye watoto wake wameshakua, umwombe akutembelee mara moja kwa mwezi. Usifanye usafi mkubwa kwa ajili yake, aione nyumba ilivyo. Na yule mama mwenzako wa kuombeana, mtumiane ombi moja kila Jumatatu na jibu lake kila Jumamosi.

Ukikwama

*Nasinzia kila nikisali.* Sali umesimama au ukitembea, kwa sauti. Kama bado unasinzia, lala. Eliya alipokata tamaa katika 1 Wafalme 19, malaika alimwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani.

*Nimeacha wiki tatu.* Fungua ulipoishia, soma leo. Usijaribu kufidia sura zilizopita.

*Watoto wananivamia nikifungua Biblia.* Waache wakae karibu na daftari lao la kuchora, waambie huu ni muda wa mama na Mungu. Wiki ya kwanza ni ya vurugu, ya pili wanazoea. Ni vizuri wakuone ukisoma kuliko wadhani Biblia ni kitu cha kabatini.

*Nahisi kama Martha, kazi tu.* Rudi Luka 10:38-42 usome taratibu. Yesu hakumkemea kwa sababu ya kupika. Alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa mambo mengi. Kwa hiyo jiulize ni nini kinachokufadhaisha: kazi yenyewe, au macho ya watu?

*Mume wangu si mwamini.* Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, Matendo 16:1 inasema hivyo, ilhali mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini. Lakini Paulo anaitaja imani iliyokaa kwanza katika Loisi, bibi yake Timotheo, na Eunike, mama yake. Fanya hatua ya 4 hadi ya 6 bila kishindo, na usimdharau baba yao mbele yao.

*Tangu nijifungue sisikii chochote, nalia bila sababu, sitaki hata kumshika mtoto.* Huzuni ya siku chache baada ya kujifungua huwapata kina mama wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au ikiwa nzito mno hata kabla ya hapo, nenda hospitali. Ni ugonjwa, una tiba, na si ushahidi wa imani haba. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu saa hiyo hiyo, usibaki peke yako na mtoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ibada wakati huo iache kwa wengine: mpe yule mama mwenzako kadi yako ya jikoni, akusomee yeye.